Waliponiuliza Kampuni ni ya Nani

Wewe uliyechelewa, nakufupishia. Na ujue kufupisha ndiko kulikoniponza, kwa hiyo usinihimize.

Jina langu Saudah, wa Bwera, binti wa marehemu Hajji Siraj aliyekuwa na lori. Nilianzisha kampuni, nikaiita Rudi na Kitu. Malori yanashusha saruji kwetu mpakani na Kongo halafu yanarudi Kasese matupu, na huku wafanyabiashara wamekalia magunia yao ya kakao na maharage wakililia usafiri. Mimi nawakutanisha kwa simu. Kila asubuhi natuma ujumbe wa sauti kwa madereva, nawaambia mzigo uko wapi na unakwenda wapi. Ndiyo kazi yenyewe.

Wiki jana simulizi niliiachia Kasese, mbele ya watu wanaotoa mtaji kwa kampuni changa, nimeongea mpaka wakanizimia kipaza sauti. Wallahi nilikuwa bado niko kwenye salamu! Ndipo Magidu, mtoto wa shangazi yangu niliyemwajiri mimi mwenyewe apokee simu, akainuka, akasema yote kwa maneno machache. Watu wakapiga makofi, tukapita kwenda hatua ya mwisho. Nilimkumbatia kaka yangu mbele ya ukumbi mzima, nikamwita mwokozi wangu.

Sasa sikilizeni mwokozi alinifanya nini.

Tulipotoka ukumbini alitufuata madam Lamunu, yule mama wa Kiacholi anayetufundisha kuongea mbele ya wenye mtaji. Ni mtu mzuri, ila uso wake hauna mchezo.

"Saudah," akasema, "kampuni yako ni nzuri. Mdomo wako ndio unaiua."

"Nipunguze salamu, madam?"

"Punguza kila kitu. Sema shida ni nini. Sema wewe unaitatua namna gani. Halafu nyamaza."

"Ninyamaze tu? Hivihivi?"

"Hivihivi."

Kwetu mtu ukinyamaza hivihivi wanakuuliza umegombana na nani. Nilimwangalia madam nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Magidu akadakia. "Madam, niachie mimi. Nitamfundisha nyumbani. Mimi namjua huyu."

Ni kweli alinijua. Tumekula sinia moja tangu hatujaota meno ya pili, baba yangu akimlea kama wa kumzaa. Nani angenijua zaidi yake?

Basi tukarudi Bwera, masomo yakaanza. Magidu alikaa upande wa pili wa meza na kijiko mkononi. Anauliza swali, mimi najibu. Nikiongeza neno, kijiko kinapiga meza.

"Malori yanatoka wapi?"

"Kasese. Lakini zamani, marehemu baba alipokuwa..."

Pwaa! "Toa baba."

"Magidu, baba ndiye aliyenifanya nione kwamba lori..."

Pwaa! "Toa. Swali fupi, jibu fupi. Ukishajibu, funga mdomo. Ukiongeza neno umeharibu."

Nikamtoa baba. Nikatoa safari zangu za Karusandara kuwashawishi wakulima wa mahindi. Nikatoa miezi niliyozunguka kwenye maegesho nikitukanwa na madereva, wananiambia mwanamke na malori wapi na wapi. Magidu alikata, mimi nikakubali, na kila nilipokubali alitabasamu.

Nilizoea mpaka nyumbani wakaniogopa. Mama akiniuliza chakula kimeiva, nasema, "Bado." Nanyamaza. Siku moja akanishika shingo kupima kama nina homa.

"Mwanangu, nani amekuudhi?"

"Hakuna."

"Ee Mola! Mtoto amerogwa!"

Msinicheke. Nilijiona nimeelimika. Katika maswali yote yale kuna moja Magidu hakuniuliza hata mara moja, na mimi sikugundua. Mtu anayekupigia kijiko kila kutwa unafikiri amekumalizia kila kitu.

"Wakubwa wanakuja lini?" nikamwuliza.

"Hawaji. Sisi tutaitwa Kasese. Wewe endelea na kazi, dada, mimi nawasiliana nao."

Siku iliyofuata nilikuwa maegeshoni, leso kiunoni, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, nagombana na dereva aliyetaka kuondoka bila kungoja magunia ya watu. Pikapu nyeupe ikaingia. Akashuka mwanamume wa shati la kaki lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, miwani nyeusi, viatu vinang'aa. Hakusema habari za mchana, hakusema salaam aleikum. Alinijia moja kwa moja.

"Mizigo hii inapangwa na kampuni gani?"

"Rudi na Kitu."

"Kampuni ya nani?"

Ngojeni hapa, niwaeleze ninyi mlio mbali na mpaka. Mtu aliyekulia Bwera ana jibu moja kwa mgeni wa shati la pasi anayeuliza mali ni ya nani. Hujui kama ni wa kodi, hujui kama ni afande aliyevaa kiraia, hujui anamtafuta nani kwa kosa gani. Ukisema yangu, umejifunga. Kwa hiyo vitenge si vyako, mchele si wako, hata kuku uliyemshika miguu si wako. Baba alitufundisha hivyo kabla hajatufundisha kufunga viatu. Siyo uongo kwetu, ni kama kuvuta pazia mgeni anapochungulia.

Jibu likanitoka lenyewe.

"Iko ya wenyewe, mkubwa. Mimi wananituma tu."

Halafu, Mungu wangu, nikafunga mdomo kama nilivyofundishwa.

Ningekuwa Saudah yule wa zamani ningeendelea. Ningemwuliza yeye ni nani, ametoka wapi, watu wa kwao hawajambo, na kabla ya maneno kuisha angejua na mimi ningejua. Lakini niliona kile kijiko hewani, nikanyamaza. Nikajisifu moyoni kwamba leo nimejibu vizuri.

Mlango wa nyuma wa pikapu ukafunguka, akashuka madam Lamunu, simu mkononi inarekodi. Uso wake umeshangaa.

Na nyuma ya lori akatokea Magidu. Amevaa suti. Mchana ule, katika saruji ile, suti!

"Karibuni Bwera, karibuni sana," akasema. "Mkubwa Otim, mimi ndiye Magidu, mwanzilishi. Huyu ni dada yetu, anatusaidia na simu."

Kumbe huyu ndiye mwenye mtaji, ambaye ukumbini hakuwepo! "Magidu, unasema nini? Ngoja, mkubwa, ngoja nikueleze, unajua hapa kwetu..."

"Dada," Magidu akanikatiza polepole, "jibu limetosha."

Otim akavua miwani. "Umejibu vizuri, mama. Kwa ufupi na kwa kueleweka. Natamani wote wangejibu hivyo."

Niliwakimbilia mpaka kwenye gari. Nikaanza kueleza, na sijui kueleza nusu. Nikaanzia kwa baba, nikapita kwa maafande wa mpakani, nikaingia kwenye mambo ya shati la pasi, nikarudi kwa baba. Otim aliangalia saa yake, akaangalia tena.

"Mama, nilikuuliza swali dogo ukasema si yako. Sasa unahitaji nusu saa kuniambia ni yako?"

Gari likaondoka. Madereva waliokuwa wakinitazama wakajifanya wanakagua matairi.

Nilimkuta Magidu kwa shangazi, anakunywa chai kama bwana harusi. Sikukaa.

"Ulijua!"

"Nilijua nini, dada?"

"Ulijua nitajibu vile."

"Kila mtu wa Bwera angejibu vile."

"Ndiyo maana uliwaleta kimyakimya! Ndiyo maana hukuniuliza lile swali hata siku moja!"

Akaweka kikombe chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu anayekuibia angalau apandishe sauti, ujue mnagombana.

"Saudah, tusidanganyane. Kule ukumbini nani alitupitisha? Mdomo wangu. Wewe una kampuni na huwezi kuisema. Kitu usichoweza kukisema si chako. Ni cha yule anayeweza."

"Nimekulisha, Magidu."

"Na mimi nitakulisha. Utabaki kwenye simu." Akacheka kidogo. "Ila kwa sasa simu ya madereva ninayo mimi. Nimebadilisha namba ya siri."

Shangazi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nikamgeukia yeye. Ni dada wa baba yangu tumbo moja, nikasema huyu atamkemea.

"Saudah mwanangu," akasema, "mwanamume ndiye anayefaa kuongea na wakubwa. Mwachie kaka yako."

Nilitoka pale nalia njia nzima, sioni aibu kuwaambia. Nililia kwa sababu ya shangazi kuliko kwa sababu ya Magidu.

Madam Lamunu akanipigia.

"Saudah, niambie ukweli. Kampuni ni ya nani?"

"Yangu, madam. Wallahi yangu."

"Kwa nini ulisema vile?"

Nikamweleza kuhusu watu wa mpakani na shati la pasi, na safari hii aliniacha nimalize.

"Magidu ndiye alituomba tuje bila kukuambia," akasema. "Na alituomba tusikusalimie. Alisema salamu zinakuchanganya, ukianza hutamaliza. Mimi nikaona ni kaka anayemsaidia dada yake." Akavuta pumzi. "Hata Otim, Magidu ndiye aliyemwambia avae vile, eti nyinyi mnaheshimu mtu aliyevaa kikazi."

Kumbe mtego ulishonwa mpaka kwenye kola! Aliyajua yote yanayonitisha kwa sababu yalimtisha yeye pia, tuliyajifunza pamoja kwa baba mmoja.

"Nimekuombea kwa Otim," madam akaendelea. "Ijumaa, Kasese. Dakika moja, haizidi. Na mlete mtu mmoja anayejua mlivyoanza. Lakini usimfundishe la kusema. Nikisikia umemfundisha, nitakuwa wa kwanza kukukataa."

"Simfundishi, madam. Ukweli hauhitaji kufundishwa."

Maneno hayo niliyasema mimi. Yaandikeni mahali mje mnicheke vizuri.

Nilimchagua Célestin. Huyu ni Mkongo wa ng'ambo ya mpaka, mfanyabiashara wa kakao, mteja wangu wa kwanza kabisa. Alikuwepo siku nilipolisimamisha lori la kwanza kwa kujiweka katikati ya barabara. Akiniona husimulia tena, huku ananionyesha dereva alivyoshika breki. Nani angenifaa kuliko yeye?

"Njoo Kasese, useme ukweli tu," nikamwambia.

"Kweli gani, masta?"

"Ukweli wote. Watakuuliza, utasema."

"Miye niko nyuma yako," akasema.

Ijumaa tukaingia kwenye chumba cha mikutano pale Kasese. Otim mbele ya meza, shati lilelile limepigwa pasi tena. Madam Lamunu kando yake. Magidu na suti yake na simu yangu. Mimi natetemeka mpaka bangili zinasikika.

Célestin akasimama, kofia kifuani. Otim hana salamu huyu bwana, akauliza papo hapo.

"Kampuni ya Rudi na Kitu ni ya nani?"

Célestin akamtazama usoni. Akalitazama shati. Akanitazama mimi ninavyotetemeka, nikaona macho yake yanabadilika, nikajua. Nilitaka kupiga kelele lakini madam alishanikataza.

"Patron," akasema Célestin kwa sauti ya upole, "hii kitu iko ya benyewe. Miye banituma tu."

Magidu alikohoa ndani ya ngumi yake. Alikuwa anacheka.

Célestin akarudi akaketi, akanifinya mkono, akaniinamia sikioni. "Usiogope, masta. Nimekuokoa. Niliona uko natetemeka, nikajua huyu mutu iko mubaya."

Ningemlaumu vipi? Katika wote niliowategemea, huyu peke yake hakunisaliti, na huyu ndiye aliyenizika. Nikamwambia asante.

"Basi, nadhani tumemaliza," Otim akasema.

"Alipewa dakika moja," madam Lamunu akasema. "Aitumie."

Hapo simu ikalia mkononi mwa Magidu. Ile simu yangu. Akaiangalia, akatoka nayo nje. Dirishani nilimwona anasikiliza, haongei, mkono kichwani. Aliporudi rangi yake ilikuwa nyingine kabisa. Akakaa, akaisukuma simu juu ya meza mpaka ikafika mbele yangu.

"Magidu," Otim akamwuliza, "una la kuongeza kabla dada hajaongea?"

"Sina, mkubwa." Akaitazama ile simu. "Nimefikiri. Yeye ni dada yangu. Aseme yeye. Atakalosema ndilo kweli."

Jamani! Moyo wangu ni mjinga, nawaambia. Machozi yalinijaa. Nilidhani dhamiri imemshika. Nilidhani ameliona sinia letu, amemwona baba. Nikamsamehe palepale, hata kabla hajaniomba, nikaona kwamba ndugu hata akipotea hurudi.

Nikasimama. Sikusalimia mtu. Baba sikumtaja.

"Lori linashusha saruji Bwera, linarudi tupu," nikasema. "Mimi nalitafutia mzigo wa kurudi nao. Kampuni ni yangu. Niliianzisha mimi, naiongoza mimi, na kosa lake likitokea nitalibeba mimi."

Nikafunga mdomo.

Célestin alinitazama kama mtu aliyemwona mwenzake anaingia mtoni na nguo. Madam Lamunu akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Otim akainuka na kuninyooshea mkono juu ya meza.

"Sasa nimekuelewa," akasema. "Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

Nilikuwa nimeushika mkono wake mlango ulipogongwa. Akaingia afande mwenye sare, nyuma yake mwingine.

"Mwenye Rudi na Kitu ni nani hapa?"

Nilihisi mkono wa Otim unalegea ndani ya wangu, kisha ukatoka.

"Kuna lori tumesimamisha leo asubuhi likitoka Bwera," afande akaendelea. "Juu maharage, chini katoni za sigara za magendo. Dereva ametusikilizisha ujumbe. Anasema umetoka kwenye simu ya kampuni. Simu yenyewe iko wapi?"

Ilikuwa mbele yangu. Madam Lamunu aliitazama, kisha akamtazama Magidu.

"Afande," nikaanza, "ujumbe wa leo sikuutuma mimi, hata sauti yenyewe si yangu. Simu hii nilinyang'anywa juzi, namba ya siri imebadilishwa, imekuwa kwa huyu hapa, kwanza ngoja nikueleze tulivyo..."

"Mama!" Alipiga kiganja mezani. "Sitaki hadithi. Swali ni moja. Kampuni ni yako au si yako?"

Nikamgeukia Magidu. Alikuwa anafunga kifungo cha koti.

"Magidu, sema," nikamwambia. "Sema umetuma wewe."

"Ni yake, afande," akasema, hakunitazama. "Amesema mwenyewe sasa hivi. Wote hapa tumesikia."

Otim akatikisa kichwa polepole kukubali. Nini kingine angefanya? Alisikia kweli. Célestin alikuwa ananikonyeza, ananisihi kwa macho, midomo yake inatamka lile jibu letu bila sauti. Lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Ningelisema, afande angemgeukia mwenye suti, ningelala kwangu, na Rudi na Kitu ingekuwa imekwisha kwangu milele.

"Yako au si yako?"

"Yangu," nikasema.

"Chukua simu. Twende."

Nikaichukua. Madam Lamunu akasimama kunifuata, yule afande wa pili akamzuia kwa mkono. Nilipokuwa natoka mlangoni nilimsikia Magidu nyuma yangu, akiongea kwa adabu na kwa ufupi.

"Mkubwa Otim, tunaweza kuendelea?"